Buluu Mbili za Fundi Pini

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma binti pekee wa marehemu awasomee safari ya baba yake, nayo itasomwa yote, pamoja na pale ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Pini kwa sababu alizungumza na wateja akiwa amebana pini midomoni, hata mteja akaondoka bila kujua kama amekubaliwa au amekataliwa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mpishi wa shule, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajifunza cherehani kwa mjomba wake, na tarehe 3 Machi 1974 akafungua duka lake la sare, likitazamana na geti la shule ile ile aliyosoma.

Tarehe 12 Desemba 1977 alifunga ndoa na mkewe, ambaye alikwenda dukani kushonewa gauni moja akapimwa mara nne, ingawa vipimo fundi alikuwa ameshavishika tangu siku ya kwanza, na Mungu akawajalia binti mmoja na wavulana wawili.

Kuanzia Januari 1984, duka likiwa limesimama vizuri, marehemu aliamua kurudisha fadhila kwa mtaa uliomlea, akawa anawashonea sare bure watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo, na kwa kuwa kitambaa kipya kilikuwa cha wateja, alizishona kwa vipande vilivyobaki vya miaka ya nyuma, ambavyo buluu yake ilikuwa imepauka kidogo, wala hakuona ubaya wowote, na mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya wazazi akapigiwa makofi.

Mwaka 1986 msichana wa darasa la tano, mtoto wa mama muuza mkaa wa nyuma ya duka, aliikunja sketi yake vizuri, akairudisha juu ya meza ya kukatia, akaacha shule, na marehemu kwa hasira akawaambia wateja kwamba kuna watu ukiwasaidia hawana shukrani. Wiki chache baadaye, wakati wa mapumziko, aliwasikia watoto wakigawana timu za mpira, mmoja akapaza sauti, "Mabaki wote upande ule!", na wote waliovaa buluu iliyopauka wakaenda upande ule bila kuuliza. Marehemu aliacha cherehani, akakimbia na futi yake shingoni mpaka kwa muuza mkaa, akakuta binti ameshapelekwa mbali kufanya kazi za ndani.

Tangu hapo sare za bure zilikatwa kwenye jora lile lile la wateja, tena zilikatwa kwanza, na mabaki akawashonea wanawe wote watatu, akiwemo anayewasomea, ambaye alilia sana asubuhi ya kwanza, baba yake akalia pamoja naye, lakini hakumbadilishia. Hatia ile haikumtoka.

Januari 2010 mwanamke mmoja aliingia dukani na mtoto wa miaka tisa, akaagiza sare, na marehemu akamtambua kabla hajaketi, ni yule binti wa muuza mkaa. Siku hiyo mdomoni hamkuwa na pini hata moja ya kuzuia maneno aliyoyatunza miaka yote, lakini alichukua futi. Akampima mtoto, akashona, yule mama akalipa bei kamili, naye akapokea, kwa kuwa aliogopa kumpa cha bure mara ya pili. Jioni alimwambia mkewe, "Nimempima mwanawe mpaka urefu wa mkono, mama watoto, nikashindwa kumwambia samahani."

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2010, akalazwa mara kadhaa, akafariki tarehe 2 Juni 2011. Akiwa wodini aliagiza kwamba, kwa kuwa aibu ile aliishona yeye na ikavaliwa mbele za watu, samahani yake nayo isomwe mbele za watu, ila huyo anayeombwa asitajwe jina wala asitafutwe kwa macho, asije akawekewa alama tena. Basi, mama, kama upo hapa, usisimame. Baba anakuomba samahani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia na kukesha nasi, na mafundi wenzake mliomshonea suti anayolala nayo leo, kwa kitambaa alichokichagua mwenyewe, buluu iliyopauka.

Pumzika sasa, Fundi Pini, pumzika kwa amani.