Niliishika Ngazi ya Aliyechoma Nyumba Yetu

Ndugu zangu wa Kisauni, Bwana asifiwe! Nimesimama kwa miguu miwili ambayo vita vya Wajapani kule Bama havikuichukua, namtukuza Mungu!

Mnanijua. Niliondoka hapa kibarua wa kubeba magunia, sina baba, sina mfadhili. Nikaingia jeshini, nikarudi na diploma ya useremala ya huko huko, yenye muhuri! Nikamjengea mama nyumba Mtopanga, na mlango wake nikauchonga mwenyewe. Nani mwingine alikuwa na mlango kama ule? Mtajeni!

Ndugu zangu, jirani yangu Kalume akaichoma. Tuligombania mpaka wa shamba, akanywa tembo, akatia moto makuti ya paa. Mama alitoka mbio ameikumbatia diploma yangu, mkono umeungua. Vingine vyote vikawa majivu, zikabaki kuta tu.

Nilitaka Kalume afungwe. La, nisiwafiche: nilitaka afe! Nilikuwa sili, silali.

Mama Raheli, anayeongoza maombi yetu, akatukalisha mimi na mama uso kwa uso na Kalume barazani kwake, majirani wakishuhudia. Akamwambia Kalume, "Usinitazame mimi. Mwambie yeye ulichofanya."

Kalume akasema yote, huku analia. Nami nikamwambia, "Mama yangu analala kwa watu, Kalume. Hata leso hawezi kujifunga."

Mama yangu akamgeukia Kalume. "Nyumba yangu utaiezeka wewe. Na mwanangu atakushikia ngazi, akupe makuti."

Nikaruka! "Mimi? Na diploma yangu, nimshikie huyu ngazi?"

"Hiyo diploma nimeiokoa mimi," mama akasema. "Utashika ngazi."

Watu walicheka, ndugu zangu! Mimi sikucheka.

Siku ya kuezeka, Kalume alimaliza juu kabisa ya paa, akaweka mguu kwenye ngazi ashuke. Ngazi imo mikononi mwangu. Shetani akaniambia, Achia! Kalume akatazama chini, akauona uso wangu, akasimama hapo hapo.

"Bwana Fundi," akaniuliza polepole, "umeishika?"

Ee Yesu! Nikajisikia nikisema, "Nimeishika. Shuka, ndugu yangu."

Ile chuki ikanitoka pale pale! Haleluya! Nikalia, mimi askari!

Leo mkono wa mama umepona, na Kalume yuko benchi la nyuma. Simama, Kalume, wakuone!

Wewe uliye na mtu usiyetaka hata kumwona, mtumaini Yesu, ukae na mtu huyo uso kwa uso. Mkikosa pa kukaa, njooni kwetu Mtopanga. Mlango nimeuchonga upya, unaupita ule wa kwanza. Kisauni nzima hakuna kama huo, nao uko wazi.