Makufuli Mawili ya Fundi

Basi lilipopita kituo cha polisi, muuguzi aliyekuwa akitoka zamu alijifanya amesinzia, maana abiria wawili waliokaa mbele yake walikuwa wameshaanza kuchokozana.

“Umeona mlango umefungwa?” aliuliza mama mmoja, askari mstaafu. “Wamekata bajeti, askari wamebaki wanne, halafu redioni tunaambiwa wizi umepungua. Utaachaje kupungua, na hakuna wa kuuandika?”

“Afande, acha wivu,” alijibu fundi vitasa. “Mlipojaa pale nilikuwa nabadilisha vitasa vitano kwa siku. Sasa hata kimoja sipati. Labda nyie ndio mlikuwa mnawachangamsha wezi.”

“Watu wamechoka na bei zako!”

Muuguzi aliuma mdomo asicheke. Basi likasimama. Fundi, ambaye kwa maneno yake wizi umekwisha, akainama na kufungua makufuli mawili ya mnyororo uliofunga sanduku lake la vifaa kwenye mguu wa kiti.

“Na hayo?”

“Mazoea tu, afande.”

Wakashuka wakibishana. Kwenye kiti cha afande, ambaye kwa maneno yake wezi bado wamejaa kila kona, ulibaki mkoba, zipu wazi, simu inachungulia nje.