Shingo ya Odilo

Basi dogo la kutoka Njombe lilikuwa linakaribia Makambako, na bibi aliyeketi karibu na Oliva, aliyempakata mwanawe Odilo, alikuwa hajachoka kumshauri.

"Mtoto wa mwaka na nusu unamlaza kifudifudi sakafuni, na baridi hii! Mbebe mgongoni, mwanangu. Wangu saba niliwabeba, wote wanatembea."

"Ni mazoezi ya kliniki, bibi. Shingo yake ilichelewa kukaza. Hivyo ndivyo inavyopata nguvu."

"Hata akilia kama ulivyosema?"

 Kilio hicho kilikuwa kimeshamfanya Oliva afikirie kuacha kliniki.

Basi liliposimama, alimpa bibi ampakate Odilo ili ashushe mfuko wake. Alipogeuka, mtoto alikuwa ameinua kichwa, anamkazia bibi macho.

"Kumbe shingo imekaza!"

"Tangu mwezi uliopita, bibi."

"Hata mgongoni ingekaza," bibi akasema, akimrudisha taratibu, kiganja bado kikikinga kisogo.