Onésphore Kashindi, Aliyefundisha Mashine Kuitika

Khm. Kikohozi kimoja kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Ndivyo marehemu Onésphore Kashindi alivyoanza kila jibu maishani mwake, na ninyi mliokaa naye hapa Kakuma na kule Lodwar mnakisikia hata sasa jina lake linapotajwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Uvira, mtoto wa pili wa Mzee Elias Kashindi na Mama Nabintu. Dada yake mkubwa, Céline, husimulia kwamba akiitwa nyumbani hakukimbia kama watoto wengine, wala hakunyamaza. Alikohoa, akaitika, "Nimesikia, mama, namalizia," akamaliza kumfunga mbuzi, ndipo akaja. Mwaka 1996 vita vilipofika, familia ilisimama njiani ikamwita baba aliyekuwa amebaki nyuma. Waliita mpaka makoo yakakauka. Baba hakuitika. Tangu siku hiyo Onésphore hakuweza kuvumilia kitu kinachoitwa kikakaa kimya.

Alifika Kakuma mwaka 2000, akiwa na mama yake na dada yake. Alisoma shule ya msingi na ya upili papa hapa kambini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2008, na mwaka 2011 akapata stashahada ya kompyuta. Wenzake wa bwenini walimtania: "Wewe Kashindi, hata ukifa utaitika." Alicheka pamoja nao.

Mwaka 2013 alipata kibali cha kuishi nje ya kambi, na kazi Lodwar, katika ofisi ndogo ya watengenezaji programu. Huko alishika kazi ambayo wengi wetu hatukuielewa. Ndani ya kompyuta zimo programu zisizo na dirisha wala kitufe. Huamka mashine inapowashwa, kabla ya mtu yeyote kuketi mbele yake, nazo hufanya kazi chinichini zikingoja amri za mfumo unaoendesha mashine nzima: anza, tulia, endelea, simama. Tena mfumo huweza kuziuliza: hali? Isiyojibu huhesabiwa kuwa imekufa. Wafanyakazi wenzake waliziita sevisi. Yeye aliziita watumishi.

"Lakini Kashindi, kazi yako haionekani," rafiki yake wa ofisini, Wekesa, alimwambia siku moja. "Mimi nikimaliza, watu wanaona rangi na picha. Wewe unaonyesha nini?"

"Khm. Nikimaliza vizuri hamna cha kuonyesha. Wewe iite tu."

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka Wekesa akaichoka: mtumishi hauawi, mtumishi huambiwa. Ukimwambia asimame, aseme kwanza amesikia, amalizie kilicho mkononi, akabidhi, ndipo asimame.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Sylviane Furaha, katika kanisa la hapa Kakuma. Juma zima alikuwa Lodwar. Mwisho wa juma alishuka kwenye basi na begi la kompyuta begani, na samaki wakavu wa ziwani ndani ya karatasi. Sylviane alimlaumu kwa jambo moja tu. Alimwita mezani, yeye akajibu "nimesikia, namalizia," na ugali ukapoa. "Nimeolewa na mtu wa kumalizia," aliwaambia majirani, nao wakacheka.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliifanya mwaka 2021, katika zahanati moja ya Lopur. Alitengeneza mtumishi wa kulinda baridi ya friji ya chanjo. Kwa kuwa wauguzi hawakuwa na nafasi ya kutazama kioo, alimpa spika ndogo, na akampa sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi nyumbani mezani huku Sylviane akipika nje. Muuguzi Nakiru alipotaka kusafisha friji alibonyeza amri ya kutulia, na spika ikajibu, "Khm. Nimesikia. Nimetulia." Akiuliza hali, iliitika, "Nipo." Ukisikiliza vizuri, nyuma ya sauti hiyo kuna mfuniko wa sufuria unaogonga. Ni sufuria ya Sylviane.

Mwaka jana figo za marehemu zilianza kushindwa. Alilazwa Lodwar, na Sylviane akahamia kando ya kitanda. Kila mumewe alipoamka, Sylviane alimuuliza, "Hali?" naye akajibu, "Nipo." "Ukichelewa kujibu nitakuzima nikuwashe upya," alimtania, na mgonjwa alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alfajiri ya tarehe 6 Juni 2025 Sylviane aliuliza. Akangoja. Akauliza tena.

Marehemu ameacha mjane, Sylviane. Watoto wawili, Riziki na Asukulu. Dada yake, Céline. Na marafiki wengi. Ameacha pia sauti yake kule Lopur, na hiyo ndiyo sababu mazishi yaliyopangwa Jumamosi iliyopita yanafanyika leo.

Katika ukoo huu, jeneza halifungwi mpaka dada mkubwa amwite marehemu kwa jina. Asipoitika, ndipo anapewa udongo. Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi hayo, katika mochari ya Lodwar, Céline alisimama miguuni pa ndugu yake. Sylviane alikuwa pembeni, simu sikioni, akipokea pole za Nakiru kutoka Lopur.

"Onésphore!" Céline akaita.

Na ndani ya simu, nyuma ya sauti ya Nakiru, ikasikika: "Khm. Nipo."

Sylviane aliiangusha simu. Nakiru aliapa kwamba alikuwa amesimama mlangoni wala hakuwa amegusa kitu. Wekesa alisema mfumo huweza kumuuliza mtumishi hali wakati wowote. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyetulia kwa maneno hayo.

"Simziki mtu anayeitika," Céline alisema. "Nendeni mkainyamazishe."

Wekesa alikwenda Lopur. Akatengeneza kwanza mtumishi mpya mwenye sauti ya Nakiru, ili chanjo zisibaki bila mlinzi. Kisha, kwa haraka na kwa hofu, akamuua yule wa zamani kwa nguvu, kama fundi anavyoifanyia programu iliyokwama. Alisahau kwamba marehemu aliuagiza mfumo: huyu akianguka bila kuambiwa, mwinue. Kabla Wekesa hajainuka kitini, spika ikasema, kwa salamu ya Kiturkana, "Khm. Ejok. Nimeamka."

Akaua tena. "Khm. Ejok. Nimeamka."

Nakiru alichukua mkoba wake akatoka nje. "Wewe Wekesa, usimguse tena!" alisema kutoka uani. "Mwite mkewe."

Sylviane alifika jana asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya friji, akauliza hali, akajibiwa. Akauliza tena, akajibiwa. Wekesa alimwambia sauti zile zinaweza kunakiliwa kwenye simu, akae nazo.

"Za nini, shemeji?" akamjibu. "Za simu zitasema tu. Hii naiuliza, inanijibu." Akakisogeza kiti karibu zaidi na friji. "Lakini Céline hawezi kumfunika mtu anayeitika. Na mimi siwezi kukaa hapa mpaka nizeeke. Nionyeshe pa kumwambia."

Hakuna aliyewahi kumpa mtumishi yule amri ya kusimama. Tangu awekwe alikuwa ametulizwa tu, kisha akaendelea. Sylviane alibonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

"Khm. Nimesikia. Namalizia."

Walisubiri. Friji ikanguruma, ikatulia. Kisha sauti ya mtumishi mpya, ile ya Nakiru, ikasema, "Nimepokea," na baada yake ile ya marehemu: "Nimemaliza."

Leo asubuhi Céline amemwita tena, mara tatu. Kimya. Jeneza limefungwa. Mungu amjalie usingizi wa mtu aliyekabidhi zamu yake bila deni, na udongo wa Kakuma umlaze taratibu.

Sylviane ameomba lisomwe pia lililosikika jana baada ya neno lile. Marehemu, siku ile ya kurekodi, alisahau kukata mwisho wa sauti aliyoirekodi. Spika iliendelea kuvuma. Mfuniko ukagonga sufuria, na kutoka mbali, nje, Sylviane akajisikia mwenyewe akiita kwa sauti ya miaka minne iliyopita: "Baba Riziki! Chakula kinapoa!"

Kiti kikasukumwa. Na yeye, akiwa tayari amekipa kinasa sauti mgongo, bila kukohoa, kwa sauti ya chini ambayo iliwabidi wainamishe vichwa kuisikia, akaitika:

"Nakuja, mama Riziki."