Mwaka wa Kuzaliwa wa Mama Roda Nasimiyu

Mama Roda Nasimiyu Wasike alizaliwa tarehe 4 Machi 1952, karibu na Kimilili. Tafadhali msilinganishe na kitambulisho chake. Sisi watoto tumebishana juu ya mstari huu wiki nzima, na kadi ya ubatizo ndiyo imeshinda.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1967. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili lakini hatulii kwenye dawati. Hakutulia hata baadaye.

Mwaka wa 1973 aliolewa na Mzee Wasike, mfanyakazi wa reli, wakaja kuishi Nakuru, mtaa wa Rhonda. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1979 kiwanda kimoja cha magunia kilitafuta wanawake wasiozidi miaka ishirini na mitano. Mama alikuwa na ishirini na saba. Mwaka huo huo alienda kuchukua kitambulisho chake cha kwanza. Karani alipomuuliza mwaka wa kuzaliwa, alisema 1956. Kazi akapata, akashona magunia kwa miaka kumi na tisa. Uongo huo ndio uliotusomesha.

Baba alipofariki mwaka wa 2009, nyumba ilimshinda Mama kukaa. Akaanza kuzunguka na wazee kufuatilia pesa za wazee, zile za serikali. Masharti aliyajua kama sala: uwe umefika miaka sabini, uende mwenyewe, ubebe kitambulisho na si fotokopi, na laini ya simu iwe yako, si ya mjukuu. Julai mwaka huu mashine ya kusajili wazee ilikataa vidole vya jirani yetu, Mzee Kibii, aliyechimba mawe Kariandusi hadi alama za vidole zikafutika. Wakamwambia arudi Agosti ajaribu tena kwa chifu. Mama akanunua jeli ya kukamulia ng'ombe, akawa anamsugua vidole kila asubuhi, chai yake ikipoa mezani.

Mwenyewe alitimiza sabini mwaka wa 2022, lakini kitambulisho kilisema bado. Nilimpeleka kurekebisha. Fomu iliuliza kosa lilitoka wapi, nami nikamwonyesha mahali pa kusema ni karani.

"Karani hakukosea," akasema. "Nilisema mimi."

"Mum, ni tiki tu. Nani atajua?"

"Zeddy, yule alikuwa mtu mzuri. Aliniuliza mara mbili."

Akarudisha fomu ikiwa tupu. Nilikasirika, na mpaka leo sijamaliza. Alihangaikia haki ya kila mzee wa Rhonda, na dawa zake mwenyewe tukazinunua kwa kuchangisha.

Moyo wake ulianza kuvimba Februari 2025. Mwezi huu wa Agosti alilazwa. Nesi alimwambia, "Mathe, lala kidogo."

"Nitalala," akajibu. "Kwanza mpigieni Kibii. Jumanne ya tarehe kumi na tisa anatakiwa kwa chifu."

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa moja asubuhi, miezi saba kabla ya kitambulisho kumruhusu kuwa mzee. Kibali cha mazishi kinasema alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwenye msalaba tumeandika sabini na mitatu, kwa sababu hiyo minne inayokosekana aliifanyia kazi.

Ameacha watoto watatu: mimi Zeddy, kifungua mimba wake, Levis na Mitchelle, wajukuu saba, dada yake mmoja, na wazee wengi wa Rhonda ambao nawaona wamekaa hapa Dundori, kando ya kaburi lake, wakiwa wameshika bahasha zao za kaki.

Mzee Kibii, karatasi zako ziko kwangu. Jumanne saa mbili asubuhi tukutane kwa chifu. Jeli nitabeba.

Mama, sasa kaa chini. Pumzika kwa amani, tutaenda sisi.