Kufuli la Shemeji Venuste

Padri, ndugu wa ukoo, majirani wa Rubondo, na ninyi mliosimama kule nyuma ambao sijawatambua vizuri, mimi ni Joël, kaka wa mjane Nabintu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu Venuste Cirhuza, mtu ambaye hakupenda kabisa habari zake zijulikane.

Venuste alizaliwa tarehe 3 Julai 1974 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa pili wa Mzee Damascène na Mama Cansilde, akasoma shule ya msingi palepale hadi mwaka 1987, kisha akashika jembe na biashara ndogo ya maharagwe. Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na dada yangu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Bienfait mwaka 2007 na Eliane mwaka 2011.

Machi 2012 watu wenye silaha walifika nyumbani kwao, wakiongozwa na jirani aliyekuwa amekula mezani pao Jumapili ileile, kaka yake Venuste akauawa, na tangu hapo Venuste hakumwamini mtu. Tulipovuka mpaka na kufika Kabazana, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, tarehe 19 Agosti mwaka huo alikuwa akilala ameketi juu ya mzigo wake, na tulipopewa kiwanja hapa Rubondo nyumba yake ilipata kufuli kabla ya kupata paa, msicheke, wengine wenu mliliona. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, aliuvaa shingoni kwa kamba, na dada yangu akitoka bombani na jerikeni lake aliketi nje kumngoja mumewe arudi kutoka shambani, miaka kumi na miwili, na kusema kweli nilimpa shemeji haki, maana hata mimi si mtu wa kuamini ovyo. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, akasali macho wazi, akigeuka kila mara kuangalia upande wa kwake.

Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi mwaka huu, katekista wetu Mama Adélaïde alituambia kila mmoja afunge kitu kinachomuuma, siyo nyama ambayo hata hatuna, na Venuste akasimama, akasema, "Miye nafungaka miaka yote, Kwaresima hii nitafunga kwa kufungua." Watu walicheka, yeye akaenda nyumbani, akalitoa kufuli mlangoni, akalitundika kwenye msumari. Nilidhani ni mtego, nikakaa kwangu nikiuchunga ule mlango kwa macho, na ninyi pia mlidhani hivyo, maana wiki nzima hakuna aliyeukaribia. Yeye akahamia benchi la mbele, akajifunza kusali akiwa amefumba macho, na kila jioni alisali rozari na mkewe, mlango ukiwa wazi nyuma yao. Lakini ufunguo ulibaki shingoni, nami nikajisemea, huyu bado hajafungua kitu.

Maumivu ya tumbo aliyokuwa nayo tangu Januari yalizidi, tarehe 2 Aprili tukampeleka hospitali Mbarara, na tarehe 8, kabla ya upasuaji, aliambiwa avue kila kitu mwilini. Nilinyoosha mkono nipokee ufunguo, akanipita, akamvalisha Nabintu, akamwambia, "Mama Bienfait, unisamehe, nimekungojesha inje siku mingi." Dada yangu alilia, mimi nilikasirika. Venuste alifariki Jumamosi tarehe 12 Aprili, saa nne asubuhi, mkesha wa Jumapili ya Matawi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao niliwasumbua kwa kuwauliza kila sindano ni ya nini, masista wa Nyamitanga waliompa dada yangu mahali pa kulala, majirani mliochimba kaburi, na wenzake wa biashara ya maharagwe.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi hii. Leo asubuhi nilimwomba dada yangu ule ufunguo, nikasema wageni ni wengi na siwajui wote, nikafunga mlango kwa kufuli lilelile, naye akaketi nje na watoto, palepale alipozoea, kungoja tuondoke. Ufunguo ninao mfukoni. Nabintu, njoo uuchukue mbele ya watu hawa wote, ni wako. Na wewe shemeji, nilikushuku mpaka asubuhi hii, unisamehe, pumzika kwa amani.