Mama Immaculée, Aliyetafuta Koo kwa Upande wa Mama

Durban, Jumatano, 26 Novemba 2025. Nimeahidi kueleza yote, hata yale ambayo Mama mwenyewe angependa yasisemwe mbele ya watu.

Ijumaa hii, tarehe 28, Mama Immaculée Ndikumana anastaafu baada ya kuitumikia maktaba ya parokia yetu hapa Umbilo kwa miaka ishirini na minne. Alifika kutoka Bujumbura akiwa na Kifaransa kizuri, akapewa meza ya ukoo, pale dirishani, wanapokuja watu wanaotafuta mababu zao waliozungumza lugha hiyo. Wengi asili yao ni Morisi. Mmoja tu ni wa Kanada.

Huyo ni Mzee Léonard Laplante, fundi wa meli wa zamani. Alizaliwa Kebeki, akaletwa Durban akiwa mdogo, wazazi wakafariki, na lugha ya kwao ikampotea. Hana mke wala mtoto. Alitaka jambo moja: kujua kama bado ana ndugu duniani. Alitafuta kina Laplante kwa miaka, na kila mara njia iliishia kwa babu yake, kana kwamba babu alizaliwa bila kaka wala dada.

Ambokile, mlinzi wetu kutoka Mbeya, alizoea kumtania Mama: "Unawatafutia Wazungu ndugu zao, na wako je?"

"Wangu nawajua, papa. Hawa ndio wamepotea."

Sasa niseme kidogo kuhusu sisi Warundi. Baba yangu ni Hakizimana, mimi, msaidizi wa Mama hapa maktabani, ni Ineza Kaneza, na kaka yangu ni Arnaud Nduwimana. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba. Nilipoanza shule, mwalimu aliuliza kwa upole kama kweli mimi na Arnaud tumetoka nyumba moja. Mama Immaculée ndiye aliyekwenda kueleza, akiwa na mfuko wa maandazi. Alirudi bila maandazi, na hatukuulizwa tena.

Kwa hiyo yeye hakuona ajabu ndugu wawili kuwa na majina mawili. Aliuliza, akasoma, akagundua kwamba zamani Wafaransa wa Kanada walikuwa na desturi inayokaribiana na yetu. Ukoo mmoja uliweza kubeba jina la babu pamoja na jina la utani; mtoto huyu akashika moja, yule jingine. Lakini mwanamke, hata akiolewa, aliandikwa kanisani kwa jina alilozaliwa nalo mpaka kaburini.

"Wachana na baba," alituambia. "Baba anabadilisha jina kama soksi. Tafuta mama."

Akaacha kina Laplante, akamtafuta mwanamke aliyemzaa yule babu. Akampata katika vitabu vya kanisa, pamoja na wanawe: baadhi kina Laplante, wengine kina Courtois.

Mjukuu wa mmoja wa kina Courtois yu hai, anaitwa Bi Rolande. Mama alimpigia kwanza peke yake, ili asimpe mzee tumaini la bure. Alishika simu mbali na sikio. "Eish, Kifaransa gani hiki? Wanameza nusu ya neno." Lakini walielewana. Mzee Léonard alipoambiwa, alivua kofia, akaiweka magotini, akakaa pale dirishani mpaka tulipofunga milango.

Mama, asante kwa subira yako na kwa kila mtu uliyemrudisha kwao. Uendako Pietermaritzburg, wajukuu wakupokee kwa vifijo, afya yako idumu, na chai yako isipoe.

Limebaki jambo moja. Bi Rolande atapiga simu maktabani Jumamosi, siku moja baada ya wewe kuondoka. Yeye hajui Kiingereza, na Mzee Léonard hajui Kifaransa. Mzee ameshanyoa ndevu tangu jana kwa ajili ya simu hiyo. Kifaransa ulichonifundisha kilinitosha kwa mtihani. Sijui kama kinatosha kwa ndugu wawili wanaosikiana kwa mara ya kwanza. Je, utarudi Jumamosi, au niketi mimi kwenye kiti chako? Naomba unijibu kabla hujafunga mizigo.